Ekari mbili za Kibaha: wazee wangapi, na wakae karibu na nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni nesi, naishi Kibaha. Mimi na kaka zangu wawili tumerithi ekari mbili, mita 900 kutoka barabara ya lami. Tunawaona watu wengi walioko Dar na nje ya nchi wakikosa mtu wa kukaa na wazazi wao, kwa hiyo tunataka kujenga nyumba za kupangisha kwa wazee ambao bado wanajimudu lakini wanahitaji msaada wa kuoga, kupika na kukumbushwa dawa. Mchoraji ametupa ramani ya vyumba 120, chini na ghorofa mbili juu, pamoja na bwawa la kuogelea, jimu, zahanati na ukumbi wa watu 300. Ili tupate mtaji tunafikiria kuuza nyumba ya marehemu mama iliyo karibu na soko, kiwanja cha mita za mraba 1,100. Je, 120 ni wengi mno? Na huduma zipi ni za lazima?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba wa mama. Ramani nimeiangalia mara tatu. Mchoraji wenu ana mkono mzuri, mistari imenyooka na nguzo zimekaa mahali pake. Shida ni kwamba amechora bweni. Futa maneno "makazi ya wazee" pale juu ya karatasi, andika "hosteli ya chuo", uone kama kuna ukuta hata mmoja utakaolazimika kuhama. Hakuna.

Jambo la kwanza kabla sijasahau: nyumba ya mama msiiuze. Sababu nitaieleza mbele, ila kama kuna dalali ameshaanza kuleta wateja, mwambieni asubiri.

Sasa hiyo 120. Ekari mbili ni mita za mraba 8,094, yaani hekta 0.81. Ukiweka nyumba 120 hapo, umefikisha kama 148 kwa hekta. Nikupe kipimo cha kulinganisha. Singapore, nchi ambayo ardhi yake unaweza kuizunguka kwa gari asubuhi moja, walijenga makazi ya wazee yanayoitwa Kampung Admiralty, yakakamilika 2017. Kiwanja chao ni hekta 0.9, wanawazidi nyie kidogo tu. Wameweka nyumba 104, katika majengo mawili ya ghorofa 11. Hiyo ni kama 116 kwa hekta. Kwa hiyo ninyi, hapo Kibaha, kwenye njia ya mchanga, mnataka kuwashinda Singapore kwa kubanana.

Na wenzenu walipobanana walikuwa na kitu cha kuwafidia. Mzee wa pale akishuka na lifti anakuta uwanja wenye kivuli, ghorofa moja juu yake vibanda vya chakula, kituo cha matibabu cha madaktari bingwa, shule ya watoto wadogo, bustani juu ya paa, na stesheni ya treni pembeni kabisa. Vyumba vyenyewe ni vidogo, mita za mraba 36 na 45, lakini mtu hashindi chumbani. Kwenye ramani yenu mzee anashuka ngazi 36 na anachokikuta ni maegesho ya magari.

Ninachotaka ukishike katika barua hii yote ni hiki: idadi ya wazee msiipige kutoka kwenye ukubwa wa shamba. Ipigeni kutoka saa nane usiku.

Nilijifunza hilo kwa kukosea mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilichora makazi ya wazee 44 kwa taasisi moja ya dini. Jengo lilikuwa na umbo la L, korido ndefu, madirisha pande zote mbili, hewa inapita vizuri, nilijisifu sana. Chumba cha mhudumu wa usiku nilikiweka pembeni mwa geti ili asaidiane na mlinzi. Miezi minne baada ya kufunguliwa, mama mmoja wa chumba cha mwisho alianguka akienda chooni. Kengele ilikuwepo, ukutani, kwenye urefu wa mtu aliyesimama. Yeye alikuwa sakafuni. Aligonga mlango kwa kopo la plastiki mpaka jirani yake, naye haendi bila fimbo, akaamka akatembea korido nzima kwenda kumwita mhudumu. Nilikuja kuipima ile korido kwa hatua: mita 71. Tangu siku hiyo sichori tena nyumba ya wazee bila kuanza na kitanda cha mhudumu.

Kwa hiyo chukua penseli. Weka nukta mahali mhudumu wa zamu ya usiku atakapokaa. Zungushia duara la mita 25. Milango yote ya wazee anaowaangalia iwe ndani ya duara hilo, sakafu ileile, bila ngazi na bila mlango unaohitaji ufunguo. Mhudumu mmoja aliye macho anaweza kuwaangalia wazee 12 hadi 16 wa aina uliyoieleza, wale wanaojimudu kwa sehemu. Wakiwa ni wa kugeuzwa kitandani, idadi hiyo igawe kwa nusu, na hapo umeshaingia kwenye kazi nyingine kabisa, ambayo wewe kama nesi unaijua kuliko mimi.

Hiyo ndiyo inayokuzuia usiongeze watu. Kinachokuzuia usipunguze mno ni mishahara. Nafasi moja ya mhudumu kwa saa 24, siku saba, ni saa 168 kwa wiki. Sheria yetu ya kazi inampa mfanyakazi saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Gawanya, ongeza likizo, ongeza siku za kuugua na za kwenda kuzika kwao, utakuta kiti kimoja kinahitaji watu watano kwenye orodha ya malipo. Ndugu wanaoanza biashara hii huwa wanaandika "wahudumu wawili, mchana na usiku", halafu mwezi wa tatu mhudumu wa usiku anasinzia kwa sababu mchana alikuwa anafua. Wazee wanane kulipa mishahara mitano ni mzigo. Wazee 16 wanaubeba.

Lakini 16 kwenye korido moja bado ni bweni, hata kama ni fupi. Hapo ndipo ningependa mchoraji aache vitabu vya hosteli aende Magomeni au Kariakoo, akatafute nyumba za Kiswahili zilizobaki. Unaijua: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, ua nyuma wenye jiko, bomba na choo. Watu wa vyumba sita walijuana kwa majina, walijua nani hajatoka asubuhi, na walipiga hodi. Waholanzi walifika karibu na hapohapo kwa njia yao. Kule Hogeweyk, mji wa Weesp, mahali palipofunguliwa 2009 kwa ajili ya wazee waliopoteza kumbukumbu, waliwagawa watu sita au saba kwa kila nyumba, kila nyumba ina jiko lake na meza yake ya chakula, na nje kuna uchochoro, duka na mgahawa. Sisi tulikuwa na kipimo hicho tukakiacha kwa sababu kilionekana cha watu wa hali ya chini.

Pendekezo langu basi ni nyumba za watu wanane. Vyumba vinne upande huu, vinne upande ule, ua katikati badala ya korido ya giza, baraza mbele. Nyumba mbili zikipakana mgongo kwa mgongo, kituo cha mhudumu kinakaa kwenye kiungo chao, naye anasikia nyua zote mbili. Jozi mbili za namna hiyo zinatosha ekari zenu: wazee 32, wahudumu wawili macho kila usiku.

Hesabu ya ardhi inakubali bila shida. Mzee mmoja mpe mita za mraba 32: chumba cha 4 kwa 4.2, bafu na choo vyake mwenyewe, jiko dogo la kuchemshia chai, na kibaraza chake kidogo. Ukiongeza mgawo wake wa kuta, njia na sehemu za pamoja unafika 48. Mara 32 ni 1,536. Jiko kuu, ukumbi wa chakula, chumba cha nesi, stoo na ofisi vikichukua 260 nyingine, mmejenga kama mita 1,800, asilimia 22 ya ardhi. Kinachobaki ni miti, njia, bustani ya mboga, shimo la maji taka, na nafasi ya nyumba ya tano na ya sita siku mkiona biashara imesimama. Iacheni wazi kwenye ramani na bomba la maji lipite karibu yake sasa hivi.

Kaka yako mkubwa, kama namjua mtu wa kulipa mkopo, atauliza kwa nini tusipande juu ardhi ipo ileile. Mchoraji alimjibu kwamba "tutaweka mteremko badala ya lifti". Tuupime huo mteremko. Kiti cha magurudumu kinahitaji mteremko usiozidi 1 kwa 12, maana yake kila sentimita moja ya kupanda unatembea sentimita 12. Ghorofa ya mita 3 inadai mita 36 za kupanda, na lazima uweke sehemu tambarare za kupumzika kila baada ya mita 9 hivi. Jumla ni kama mita 40, kwa ghorofa moja. Nani atamsukuma bibi wa kilo 80 mita 40 kupanda, halafu tena 40 kwa ghorofa ya pili? Lifti nayo ni sawa kama umeme una jenereta nyuma yake na fundi wa lifti anafika siku hiyohiyo, na iwe na kina cha mita 2.1 ili machela iingie. Zanzibar kuna somo la wazi: majumba marefu ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, bila lifti. Waliohamia juu wakiwa vijana walizeeka humohumo, na ngazi hazikupungua. Kwa ninyi wenye ekari mbili hakuna sababu ya kumlaza mzee ghorofani.

Sasa nirudi kwenye nyumba ya mama.

Mita 900 hadi lami. Wewe unaitembea kwa dakika 11, mwenzangu wa umri wa miaka 75 kwa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde ataitembea dakika 19, kama ni sakafu ya saruji. Kwenye mchanga, bila mahali pa kukaa, hatoki. Atamwomba bajaji, na bajaji ni hela na ni kuomba, kwa hiyo atatoka mara moja kwa wiki, baadaye mara moja kwa mwezi. Huo ndio mwanzo wa ile hali ambayo watoto wanapiga simu wakisema "baba amebadilika siku hizi, hazungumzi". Kipimo ninachotumia ni mita 400 kwa vitu anavyovihitaji kila wiki, 150 kwa vya kila siku, na benchi kila mita 50, lenye mgongo na mikono ya kuegemea ili aweze kuinuka.

Pale kwa mama umeniandikia kwamba soko ni nyumba ya tano, msikiti unaonekana kutoka dirishani, kanisa liko nyuma ya shule, na zahanati ya serikali ina dirisha la wazee. Vitu hivyo mkitaka kuvijenga upya shambani mtamaliza mkopo wote na bado havitakuwa na watu ndani. Muuza nyanya anayemfahamu mzee kwa jina haingii kwenye orodha ya vifaa.

Ningeanza hapo. Mita 1,100: jengeni chini kwa wazee wanane, kama mita 384, na mbele kabisa, upande wa barabara, fremu tatu za biashara zenye jumla ya mita 60. Mmefunika chini ya nusu ya kiwanja, na mwembe wa nyuma unabaki. Juu weka vyumba vinne vya kupangisha manesi na walimu vijana, na chumba kimoja cha wageni kwa ajili ya mtoto aliyetoka Muscat au Mwanza kuja kumwona mzazi. Mhudumu wa usiku alale chini, mlango wake ukitazama ua. Kwa kuwa nimekwambia wanane hawalipi mishahara mitano, sitajifanya nimesahau. Hawalipi. Kodi ya fremu na ya vyumba vya juu ndiyo itakayoziba, na mwanzoni mtachukua wazee wenye nguvu zaidi, ambao mhudumu anayelala lakini anasikia akiitwa anawatosha. Fremu moja mpeni kinyozi au saluni kwa bei ya chini, kwa masharti kwamba wazee wananyolewa na kusukwa bure siku ya Jumatano. Nyingine, mtu wa supu na chapati. Duka la dawa likipatikana, shukuruni.

Kaeni hivyo miaka miwili. Mtajua vitu ambavyo hakuna mshauri atakayewaambia, kwa mfano ni wangapi wanataka kupika wenyewe. Ndipo mwende shambani na nyumba nane-nane.

Na bei. Hao hao Singapore, 2021, walitangaza makazi mengine Bukit Batok, nyumba za mita 32 kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, na mzee hawezi kuichukua nyumba akakataa kifurushi cha msingi cha huduma: viko pamoja kwenye mkataba. Fanyeni hivyo. Kodi ya chumba iandikwe peke yake, huduma ya msingi peke yake, na msaada wa ziada, kama kuogeshwa, uwe na bei yake inayopanda au kushuka hali inapobadilika. Mkichanganya vyote kwenye bei moja, mzee akidhoofika ninyi ndio mtakaolipa, au mtamfukuza.

Kuhusu huduma mlizoorodhesha, nitazipitia harakaharaka, moja tu ndiyo nitakaa nayo.

Bwawa, hapana. Jimu, hapana, jengeni njia ya saruji ya duara, pana mita 1.8, yenye reli ya kushikia upande mmoja, na mtafute mtaalamu wa mazoezi ya viungo aje mara mbili kwa wiki. Zahanati yenu wenyewe inadai leseni, mganga, dawa, ukaguzi, yote kwa watu 32 ambao siku nyingi hawaumwi. Chumba cha mita tisa chenye sinki, kitanda cha kupimia, kabati la dawa lenye kufuli na friji ndogo ya insulini kitafanya kazi yote mnayoihitaji, na hospitali ya Tumbi haiko mbali kwa yanayowazidi. Ukumbi wa watu 300 ni ukumbi wa harusi, tusidanganyane. Ukiupangisha, Jumamosi wazee hawatalala. Jengeni wa watu 60 unaofunguka upande mmoja wote kwenye baraza, ili Idi au Krismasi watu wamwagike nje chini ya turubai.

Nimetaja turubai kwa makusudi. Kwenye makazi haya watu watafariki, na ramani ya mchoraji wenu haijui hilo. Jeneza litatoka mlango gani? Kwenye ramani aliyochora lazima lipite katikati ya ukumbi wa chakula. Wekeni mlango wa mita 1.2 kutoka kila ua kwenda njia ya gari, na mahali pa wazi ambapo wenzake wanaweza kukaa msibani bila kusafirishwa. Nimeshuhudia wazee wakiambiwa tu asubuhi kwamba mwenzao "amehamishwa". Hakuna aliyeamini.

Ninayotaka kukaa nayo ni baraza, kwa sababu ndiyo iliyokosekana kabisa kwenye karatasi zile nane. Kiti chake kiwe sentimita 45 kutoka sakafuni, kina cha 50, kivuli kuanzia saa nne asubuhi, na kitazame watu wanaopita. Siyo bustani. Mzee hataki kutazama maua kutwa nzima, anataka kujua yule kijana wa bodaboda leo kambeba nani. Ukuta wa mbele kwenye ramani yenu una urefu wa mita 2.7 na nyaya juu yake. Upande wa njia ushusheni uwe wa kukalia, ulinzi uwe kwenye milango ya nyumba na kwa watu wanaoona. Wanaume watakuja na bao na birika la kahawa bila kuitwa. Kina mama hawatakaa hapo, au watakaa jioni tu. Wao wataelekea jikoni, na jikoni kwenu pameandikwa "wafanyakazi tu". Ongezeni upenu nyuma ya jiko wenye mkeka, mbuzi ya kukunia nazi, meza ya chini na bomba. Bibi anayechambua mchicha wa chakula cha watu 32 ana kazi na ana la kusema. Kumnyang'anya ungo kwa jina la huduma bora ni kumzeesha.

Choo. Nimeona mchoro wa choo chenu, una kosa lilelile ninalolikuta kila mahali: kizingiti cha sentimita 10 mlangoni ili maji ya kuoga yasitoke nje. Kwa mguu usioinuka vizuri, kizingiti hicho ni mtego, na mtego wenyewe umelowa. Sakafu ya choo na ya chumba ziwe usawa mmoja. Maji yazuiwe kwa mteremko mdogo, sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea kona ya kuogea, na mlangoni mchimbe mfereji mwembamba wenye wavu uliolala sawasawa na sakafu. Fundi atakwambia haiwezekani. Inawezekana, ila lazima aanze kwa kushusha zege la chooni kabla hajamwaga la chumbani, ndiyo maana iwe kwenye ramani mapema. Mlango upana wa wazi sentimita 90, ufungukie nje au uwe wa kusukuma pembeni, maana mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani humfikii. Choo cha kukaa, kimo sentimita 45 hadi 48. Reli za kushikia zifungwe kwenye ukuta wa tofali zilizojaa; kwenye tofali zenye matundu zitang'oka siku ya kwanza ya kazi. Ndani ya bafu nafasi ya kuzungusha kiti ni mita 1.5. Bomba la kutawadhia liwe na kigoda cha saruji mbele yake, kwa sababu kuinama kuosha miguu ndiko kunakowaangusha wengi alfajiri. Na kengele, tafadhali, iwe na kamba inayofika sentimita 10 kutoka sakafuni. Marumaru za kung'aa zirudisheni dukani.

Maji: hesabuni lita 120 kwa mtu kwa siku. Wazee 32 na watumishi 15 waliopo kwa siku ni lita 5,640, kwa hiyo akiba ya siku tatu ni lita 17,000, matangi mawili ya 10,000. Wale 120 wa mchoraji, pamoja na watumishi wao, wangehitaji karibu mara nne ya hapo, na bomba linalopita kwenu umeniambia ni la inchi moja. Hilo peke yake lingewarudisha mezani. Umeme wa jua uwashe taa za njia, kengele, friji ya dawa na feni. Pasi na oveni visubiri Tanesco.

Vibali: shamba mkiwa mnataka kulifanya makazi ya huduma, anzeni na halmashauri kuhusu matumizi ya ardhi kabla ya kibali cha ujenzi, na mkamwone afisa ustawi wa jamii mapema, siyo baada ya kumaliza paa. Zimamoto wapelekeeni ramani ikiwa bado penseli. Nendeni pia Nunge kule Kigamboni na Fungafunga pale Morogoro, makazi ya serikali ya wazee wasio na ndugu. Msiende kukosoa. Kaeni na wahudumu wa siku nyingi, waulizeni ni mlango upi wanauchukia.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Mchukueni shangazi au jirani aliyevuka 70, mtembee naye kutoka shambani hadi lami saa nne asubuhi, polepole, mkihesabu ni mara ngapi anatafuta mahali pa kukaa. Kesho yake kaeni naye nje ya nyumba ya mama saa hiyohiyo, mkihesabu watu wanaomsalimia. Namba hizo mbili wapelekeeni kaka zako pamoja na barua hii.

Na mchoraji msimwache, mkono wake bado ni mzuri. Mwambie aanze upya na kitanda cha mhudumu. Ramani ya pili ikitoka, nitumie ukurasa wa choo kwanza.